Damu Mbili Ndani ya Mwanamke Mmoja

Paka hawakosi kwenye mabucha ya Isiolo. Mmoja wao nimemtazama mara nyingi akilala chini ya meza ya kukatia nyama ya ngamia: kichwa cheusi, sikio moja la rangi ya chungwa, ubavu wenye mabaka meusi na ya chungwa kama kanzu iliyotiwa viraka, tumbo jeupe. Mwenye bucha hana haja ya kumwinua mkia ili ajue kama ni jike. "Wa rangi hizi ni jike tu," aliniambia huku akinoa kisu, kama mtu anayesema mvua hutoka juu. Na ni kweli. Dume wa rangi tatu huzaliwa kwa nadra sana, na karibu kila anapozaliwa hukutwa na kromosomu ya X ya ziada.

Sababu ni kwamba jeni ya rangi ya chungwa imekaa kwenye kromosomu ya X. Mwaka 2025 watafiti wa Japani na Marekani waliitaja kwa jina, ARHGAP36. Paka jike ana X mbili, na anaweza kubeba chungwa kwenye moja na nyeusi kwenye nyingine. Lakini kila seli ya ngozi yake hutumia X moja tu. Penye baka la chungwa, X nyeusi imezimwa. Penye baka jeusi, imezimwa ile ya chungwa. Mwanamke naye yuko hivyo hivyo, kuanzia ini hadi ubongo hadi damu, ila mabaka yake hayaonekani kwa macho. Kwa sehemu kubwa ya maisha hayamdhuru wala hayamfai. Lakini zipo hali ambapo ukubwa wa mabaka hayo huamua kama dawa itamponya au itamlaza wodini, na hali moja kati ya hizo inaikaribia Isiolo kwa barabara ya lami.

Mwanamke hupata X moja kwa mama na nyingine kwa baba. Mwanamume ana moja tu, ya mama, pamoja na Y. Kama X mbili za mwanamke zingefanya kazi pamoja, kila seli yake ingetengeneza bidhaa za kromosomu hiyo maradufu. Mwili hulimaliza jambo hilo mapema mno, siku chache baada ya mimba kutunga, kiinitete kikiwa bado donge dogo la seli. Kila seli huchagua X moja na kuizima. Jeni iitwayo XIST, iliyogunduliwa mwaka 1991, hutoa uzi mrefu wa RNA unaoifunika X iliyochaguliwa mpaka ikasinyaa. Haizimiki yote, kwani jeni kadhaa juu yake huendelea kufanya kazi, lakini nyingi hunyamaza. Kuanzia hapo uamuzi haubadiliki. Seli ikigawanyika, zile mbili mpya huufuata, na zitakazozaliwa nazo huufuata, hadi uzeeni.

X iliyosinyaa ilionekana kwanza mwaka 1949, na walioiona walikuwa wanachunguza paka: Murray Barr na Ewart Bertram, nchini Kanada, waligundua kidonge cheusi kwenye seli za neva za paka jike ambacho madume hawakuwa nacho. Mwaka 1961 Mary Lyon, Mwingereza aliyekuwa akisoma rangi za panya, akatoa maelezo tunayoyatumia mpaka leo. Mwaka uliofuata Ernest Beutler na wenzake huko California wakaonyesha kwamba jambo hilo lipo kwa binadamu. Ushahidi waliupata katika damu ya wanawake Wamarekani weusi waliobeba jeni ya upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Hili nalitilia mkazo kwa sababu vitabu vya shule hulipita haraka. Mlango wa kuielewa X ya mwanamke yeyote duniani ulifunguliwa na jeni iliyotoka Afrika, iliyobebwa na wanawake wa asili ya Afrika, na iliyoenea kwa sababu ya malaria.

Sasa tuje kwenye upogo, yaani hali ya seli nyingi kuegemea X moja kuliko nyingine. Seli ikichagua X ya kuzima, kwa kawaida haipendelei ya mama wala ya baba. Mtu angetarajia basi kila mwanamke awe nusu kwa nusu. Haiwi hivyo, na sababu ya kwanza haihitaji ugonjwa wowote. Chukua shilingi kumi uzirushe. Mara nyingi utapata picha tano, au nne, au sita. Lakini ukirudia zoezi mara mia, karibu mara kumi na moja utapata upande mmoja ukitokea mara nane au zaidi. Rusha shilingi mia moja kwa mkupuo, na themanini za upande mmoja hutaziona maishani mwako. Seli zinazoamua hatima ya damu ni chache, wakati kiinitete kingali kidogo, ndiyo maana wapo wanawake wazima wa afya ambao asilimia 80 ya chembe zao za damu zimetoka upande wa baba na 20 tu upande wa mama, au kinyume chake. Wataalamu wengi huuita huo mpaka wa upogo, na 90 kwa 10 huuita upogo mkali.

Sababu ya pili ni ushindani. X moja ikiwa na hitilafu inayodhoofisha seli, seli zinazoitumia hushindwa na jirani zake na kupungua. Mwanamke aliyebeba jeni ya ugonjwa wa Wiskott-Aldrich, unaovuruga kinga na kuganda kwa damu kwa watoto wa kiume, kwa kawaida damu yake yote hutoka kwenye X nzima, na yeye haumwi. Hapo upogo ni mkombozi. Mara chache upogo hurithiwa katika familia, kwa sababu ya kasoro kwenye XIST yenyewe. Sababu ya tatu ni umri. Tangu miaka ya 1990 imejulikana kwamba damu ya wanawake waliovuka miaka 60 ina upogo zaidi kuliko ya wasichana, kwani koo chache za seli mama za damu hutawala kadiri miaka inavyosonga.

Tena upogo wa damu hauelezi upogo wa ini wala wa misuli. Mwanamke aliyebeba jeni ya hemofilia anaweza kutoka damu kupita kiasi wakati wa kujifungua kwa sababu seli zake za ini zimeegemea X mbovu, hali kipimo cha mabaka ya damu yake kinasoma nusu kwa nusu. Anayeambiwa "wewe ni mbebaji tu, ugonjwa ni wa wanaume" anaambiwa neno lililozoeleka na ambalo si sahihi. Nimelisikia likisemwa kwa wema na wauguzi. Linafaa liachwe.

Narudi kwa G6PD, kwa kuwa hapo ndipo hesabu inapogusa maisha ya watu wengi. Kimeng'enya hiki huilinda chembe nyekundu dhidi ya kemikali zinazoichoma kutoka ndani. Upungufu wake unakadiriwa kuwapata watu zaidi ya milioni 400 duniani, wengi wao Afrika, Asia na nchi zinazoizunguka Mediterania, na umejikita zaidi pale malaria ilipokaa kwa karne nyingi. Mwenye upungufu anaweza kuishi miaka 70 bila kujua. Kisha anameza dawa fulani, na chembe zake zinaanza kupasuka: mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, macho yanageuka manjano, moyo unakimbia. Dawa zinazojulikana zaidi kwa hilo ni primakwini na tafenokwini za malaria, na dapsoni, ile inayotumika hadi leo kutibu ukoma. Hata vidonge vya nafthalini tunavyotia kwenye masanduku ya nguo ili kufukuza nondo vimewahi kuleta madhara kwa watoto wachanga wenye upungufu huu.

Kwa mwanamume jambo ni jepesi kusoma. Ana X moja. Kama ina jeni ya upungufu, chembe zake zote zina upungufu. Kama haina, hana. Mwanamke mwenye jeni mbili za upungufu ni kama yeye. Lakini mwenye moja nzima na moja pungufu amebeba damu mbili. Baadhi ya chembe zake ni imara kama za mtu yeyote, na nyingine ni dhaifu kama za kaka yake mgonjwa, zote zikizunguka ndani ya mshipa mmoja.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme chembe nzima ina nguvu ya 100, na chembe pungufu ina 10. Mwanamke wa nusu kwa nusu atasoma 55. Dada yake, mwenye jeni zile zile, lakini shilingi zake zikaangukia asilimia 80 upande mzima, atasoma 82. Wa tatu, ambaye asilimia 80 imeangukia upande pungufu, atasoma 28. Sasa weka mistari ya madaktari juu ya namba hizo. Chini ya 30, primakwini ya kila siku haifai. Tafenokwini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 na inayomezwa mara moja tu, hairuhusiwi chini ya 70. Dada watatu, wa baba mmoja na mama mmoja, jeni moja, na kila mmoja ameangukia upande tofauti wa mistari. Kipimo cha jeni kingewaandikia jibu moja wote watatu. Upogo ndio uliowatenganisha.

Hesabu hii ina uthibitisho wake kwa watoto wa Afrika, na umelipiwa kwa gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na dawa ya malaria iitwayo Lapdap, mchanganyiko wa kloproguanili na dapsoni, iliyojaribiwa nchini Kenya na Malawi, pamoja na kwingineko. Ilikuwa nafuu, na ilikuja wakati dawa za zamani zilikuwa zimechoka. Mwaka 2008 watengenezaji waliiondoa sokoni na kusimamisha dawa mpya iliyojengwa juu yake, baada ya majaribio kuonyesha kwamba watoto wenye upungufu wa G6PD walikuwa wakipungukiwa damu. Mwaka 2012 Allan Pamba na wenzake, akiwemo Zul Premji wa Muhimbili, walichapisha hesabu kamili kwenye jarida la Blood. Kati ya watoto 119 wenye upungufu kamili, wavulana na wasichana, 13 walihitaji kuongezewa damu. Walikuwepo pia wasichana 200 wa damu mbili. Kwa wastani hemoglobini yao ilishuka gramu 1.83 kwa desilita.

Wastani huo usikutosheleze. Tazama ncha zake. Katika wasichana hao 200, yuko ambaye hemoglobini yake haikushuka kabisa bali ilipanda kwa gramu 0.9, na yuko ambaye ilishuka gramu 5.2. Mmoja aliongezewa damu. Dawa moja, jeni za aina moja, siku zile zile za matibabu. Homa yenyewe ilichangia sehemu ya tofauti hiyo, na hali ya lishe pia, lakini hakuna maelezo ya upana wa namna hiyo yanayoweza kuuacha nje upogo wa X. Watoto wote walipona hatimaye. Waandishi wakahitimisha kwamba aina ya upungufu iliyoenea Afrika, ambayo vitabu viliizoea kuiita nyepesi, haistahili jina hilo.

Kuwa na damu mbili kuna faida yake pia. Mwaka 1969, huko Ibadan, Lucio Luzzatto na wenzake waliangalia kwa darubini damu ya wasichana wa aina hii waliokuwa na malaria, wakiwa wametia rangi inayotofautisha chembe nzima na chembe pungufu. Vimelea vilijaa zaidi kwenye zile nzima. Ndani ya mtoto mmoja, kimelea kilikuwa na sehemu mbili za kuishi na moja ilikikataa. Luzzatto baadaye alikuja kufundisha Dar es Salaam. Mwaka 2015 kundi la watafiti wa Kilifi, Sophie Uyoga na Thomas Williams wakiwemo, lilitoa matokeo ya miaka mingi ya kuwafuatilia watoto wa pwani ya Kenya: wasichana wenye jeni moja ya upungufu walikuwa na kinga kiasi dhidi ya malaria kali, ilhali wavulana wenye upungufu hawakuonyesha kinga hiyo. Wengine wamepata picha tofauti kidogo: utafiti mkubwa wa nchi nyingi uliotoka mwaka 2017 ulionyesha upungufu ukipunguza malaria ya ubongo lakini ukiongeza upungufu mkali wa damu. Mabishano hayajaisha. Mimi naona ushahidi wa Kilifi una uzito, na unatoa maelezo mazuri kwa nini jeni inayodhuru imedumu vizazi na vizazi: wasichana wa damu mbili wamekuwa wakiibeba na kunufaika.

Na Isiolo je? Kaunti hii ya watu 268,002 kwa sensa ya 2019 ni kivuko. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru wanakutana mjini, na baadhi ya familia za Kisomali zimekuwa hapo tangu askari waliopigana Vita Kuu ya Kwanza walipopewa mahali pa kukaa. Kila kundi limekuja na historia yake ya malaria, hivyo na kiwango chake cha jeni hii. Hakuna sababu ya kuchukua namba ya Kilifi na kuibandika sehemu za kaunti hii kama Merti au Garbatulla. Kwa sasa malaria ya hapa huja na mvua na mafuriko ya mto Ewaso Nyiro, na kwa sehemu kubwa ni ile ya kimelea kiitwacho falsiparamu, inayotibiwa kwa dawa ambazo G6PD haizihusu. Hata primakwini ndogo ya dozi moja, ya kuzuia maambukizi, Shirika la Afya Duniani limesema tangu 2012 haihitaji kipimo. Ndiyo maana muuguzi wa zahanati anaweza kumaliza mwaka bila kulitaja neno G6PD.

Lakini barabara ya kwenda Moyale sasa ni lami tupu, na ng'ambo ya Moyale ni Ethiopia, ambako malaria ya kimelea kingine, vivaksi, ni sehemu kubwa ya ugonjwa. Vivaksi hujificha kwenye ini na kurudi baada ya wiki au miezi. Kuing'oa kunahitaji primakwini kwa siku 7 au 14, au tafenokwini, dawa zile zile zinazopasua chembe pungufu. Juu ya hayo, mwaka 2023 watafiti wa Kenya walitangaza kwamba mbu aitwaye Anopheles stephensi, aliyekamatwa Desemba 2022, amefika Marsabit, Laisamis ikiwa mojawapo ya sehemu alikopatikana. Laisamis iko kando ya barabara hiyo hiyo, kati ya Isiolo na mji wa Marsabit. Mbu huyu haogopi mji. Anazaa kwenye matangi, mapipa na birika za maji, vitu ambavyo mji wenye ukame hauwezi kuishi bila kuwa navyo, na anaeneza vivaksi na falsiparamu zote mbili. Sitabiri kwamba vivaksi itatanda Isiolo kesho. Nasema kwamba ikifika, dawa yake itafika nayo, na swali la upogo litakuwa swali la zahanati, halitabaki la chuo kikuu.

Siku hiyo kipimo kitakachotumika ndicho kitakachoamua. Cha zamani, alichokibuni Beutler huyo huyo, ni rahisi na kizuri kukitazama. Tone la damu huchanganywa na dawa, likawekwa kwenye karatasi, likasubiriwa dakika chache, kisha karatasi ikapelekwa gizani chini ya taa ya urujuanimno. Penye kimeng'enya, doa hung'aa buluu kama fulana nyeupe kwenye taa za disko. Pasipo nacho, doa hubaki giza. Ni ndiyo au hapana, na kwa wanaume hutosha. Lakini doa huzima pale tu nguvu inaposhuka hadi asilimia 30 hivi. Yule dada wa 55 doa lake litang'aa. Ataandikiwa kuwa mzima, na nusu ya chembe zake ni dhaifu kabisa. Akipewa tafenokwini kwa msingi huo, hakuna njia ya kuirudisha, kwani dawa hiyo hukaa mwilini kwa majuma.

Kipimo cha namba kipo. Ni kifaa kidogo cha mkononi, kinatumia tone la kidole, kinatoa nguvu ya kimeng'enya kwa tarakimu pamoja na hemoglobini. Nacho kina mitego. Mtu aliyetoka tu kupasukiwa na chembe atasoma juu kuliko ukweli wake, kwa kuwa chembe dhaifu zimeshakufa na changa zilizobaki zina kimeng'enya kingi. Namba yenyewe ni wastani wa damu mbili, haina maana kwamba kila chembe ina 55. Mjamzito hapewi dawa hizi hata namba yake ikiwa nzuri, kwa sababu damu ya mtoto aliye tumboni haijulikani. Na kwa mwenye namba ya chini, ipo njia ya primakwini ya mara moja kwa wiki kwa wiki nane, chini ya uangalizi, badala ya kumwacha na vivaksi inayomrudia.

Uamuzi wangu ni huu. Kwa mwanamume, kipimo cha ndiyo au hapana kinavumilika. Kwa mwanamke hakivumiliki, na kaunti yoyote ya kaskazini itakayoanza kutoa dawa za vivaksi ikiwa na karatasi ya kung'aa peke yake itakuwa imewapima wanaume na kuwabahatisha wanawake. Kifaa cha namba kitangulie dawa, katika hospitali ya rufaa ya kaunti na katika vituo vya barabarani, na anayekitumia afundishwe kwa nini mwanamke anaweza kusoma namba yoyote kati ya 10 na 100. Akishaelewa mabaka ya paka, hiyo haimchukui zaidi ya dakika tano.

Nawe dada unayesoma haya, ikitokea siku umepimwa G6PD kabla ya kupewa dawa, usitosheke na kuambiwa uko sawa. Uliza umesoma ngapi, iandike mahali, na kama una kaka au mtoto wa kiume aliyewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya dawa, mwambie mhudumu kabla hujameza.